Kidole cha Bi Shemsa

Nisikilizeni, wakubwa kwa wadogo, ila msiwe na haraka ya kunijibu. Nitaeleza kila jambo kwa mpangilio wake, maana nikikosea kidogo tu nitamwonea mmoja kati ya watu watatu, na watu hao wameshaonewa vya kutosha.

Palikuwa na wanawake watatu walioolewa na ndugu watatu, wote wakiishi katika nyumba ya mama mkwe wao, Bi Shemsa, mjini Tanga. Mwajabu alijaliwa jicho: picha ikiinama ukutani, yeye ndiye wa kwanza kuiona. Kibibi alijaliwa mkono: aligusa shavu la mtoto akaijua homa kabla ya kipimo. Mwanakheri alijaliwa kumbukumbu: ukimwuliza jana nani alifunga mlango wa uani, atakutajia, na atakwambia pia alikuwa amevaa nini.

Bi Shemsa mwenyewe alijaliwa ulimi. Kiharusi kilipomwangusha kilimchukulia ulimi huo pamoja na miguu na mikono, kikamwachia kope na kidole kimoja cha mkono wa kulia. Mwanawe mkubwa, Mbwana, akamletea laptopu. Herufi zilipangwa kwenye skrini. Bi Shemsa alitelezesha kidole juu ya kibao cha kugusia, kishale kikaenda kwenye herufi, akadonoa. Sentensi ilipotimia, kompyuta iliisoma kwa sauti ya kike, pole, isiyo na hasira.

"Kibibi, wali wako hata kuku wangeususa," ilisema sauti ile pole.

"Mwajabu, mwanangu alikuoa wewe baada ya dada yako kumkataa."

Na kwa Mwanakheri, ambaye alikuwa hajapata mtoto, kila asubuhi: "Vipi, bado?"

Siku moja sauti ikasema: "Nyumba imejaa. Ijumaa baada ya sala nitamtaja mkaza mwana mmoja wa kubaki. Wawili watoke na waume zao."

Hakuna aliyebisha, nyumba ilikuwa yake. Lakini Kibibi alikuwa na mtoto, Swabri, mwenye pumu, na chumba pekee walichoweza kukipata kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga. Mume wa Mwajabu alikuwa ameachishwa kazi. Naye Mwanakheri alijua kwamba mumewe ameshaonyeshwa mchumba. Kilichomzuia kuoa ni kukosa chumba cha kumweka. Wakihama tu, atakipata.

Ijumaa ilipofika, kishale kikapagawa. Bi Shemsa alilenga herufi moja, kikarukia nyingine, kikatetemeka, kikakimbilia pembeni kikaganda. Sauti ikasoma: "Ggka. Sssto. Tooo."

"Akili zimemtoka," alisema Mbwana, mbele ya mama yake. "Tumpeleke kwa shangazi Muheza. Kuna chumba cha nyuma kule, hatamsumbua mtu."

"Shemeji, Mama anasikia," alisema Mwanakheri. Akainama. "Mama, kope mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Una akili zako?"

Kope moja.

Mwajabu akawahi: "Na atakayekurudishia sauti yako, ndiye atakayebaki?"

Bi Shemsa akawatazama, mmoja mmoja. Kope moja.

Mwajabu akaanza. Aliitoa laptopu kwenye mto ilipokaa siku zote, akaiweka juu ya meza, akainamisha kichwa. "Haikai sawa. Inacheza kama sahani iliyopinda." Mumewe akafungua skrubu, wakakuta betri imevimba na inakisukuma kibao cha kugusia kutoka chini. Na kwa nini isivimbe? Kibibi alikuwa ameifumia laptopu kitambaa cheupe, akaifunika kama redio ya sebuleni, usiku na mchana, huku inachajiwa. Joto halikuwa na pa kutokea.

"Mikono yako mizuri, Mama Swabri," alisema Mwajabu. "Imepika betri vizuri kuliko wali."

Betri ikatolewa. Kishale kikaacha kurukaruka, lakini sasa laptopu iliishi kwa waya wa ukutani tu, na kishale kilitetemeka bila kupumzika.

Zamu ya Kibibi. Hakuangalia kitu; aliweka mgongo wa mkono juu ya bati la laptopu, akauondoa, akauweka tena. "Inaniwasha. Kuna umeme unatambaa." Akaufuata waya hadi ukutani. Chaja ilikuwa ya miguu miwili, na tundu la juu la soketi lilikuwa limechomekwa kijiti ili ikubali kuingia. Umeme uliozidi haukuwa na njia ya kushuka ardhini. Kijiti kilikuwa cha Mwajabu. Chaja ya mwanzo, yenye miguu mitatu, alimpa mumewe.

"Jicho lako halikuona kijiti?" aliuliza Kibibi. "Au linaona vya wenzio tu?"

Chaja ya mwanzo ikarudishwa. Mtetemo ukaisha. Bi Shemsa akajaribu: kishale kikaenda, kikakwama, kikapitiliza.

Akabaki Mwanakheri. "Jioni huwa hakikwami," alisema. "Hukwama asubuhi. Na asubuhi mimi ndiye ninayemkanda Mama kwa mafuta ya nazi, kisha nampa laptopu." Alijua wenzake watasema nini, akasema hata hivyo. Akakisafisha kibao kwa spiriti, akakiosha kidole cha mkwewe kwa sabuni, akakikausha kwa ncha ya khanga.

"Kumbe ndiwe uliyemziba mdomo!" walisema wote wawili kwa pamoja.

Kidole kikatelezeshwa. Kishale kikatembea moja kwa moja.

"Mbwana," ilisema sauti pole, "hicho chumba cha nyuma nimekisikia."

Mbwana akatafuta pa kuangalia.

"Hawa watatu wamenirudishia sauti. Hawa watatu ndio walioiondoa. Nimekubali mmoja. Semeni wenyewe ni nani. Mkishindwa, nawatoa wote."

"Bila mimi betri ingemlipukia mkononi," alisema Mwajabu.

"Bila mimi mngekuwa bado mnatazama kishale kinatetemeka," alisema Kibibi.

"Bila mimi angekuwa Muheza," alisema Mwanakheri. "Nani alimwuliza kama ana akili?"

"Na nani aliyempaka mafuta?" alidakia Mwajabu.

Nusu ya mdomo wa Bi Shemsa iliyokuwa hai ikapanda juu. Alikuwa anacheka. Kidole kikadonoa tena, taratibu, kwa raha.

"Vipi, bado?"

Hapo ndipo nilipowaacha. Msiniambie haraka kwamba abaki Mwajabu kwa kuwa alianza, au Mwanakheri kwa kuwa alimaliza. Wa katikati angekosekana, wa mwisho asingefika. Wala msiniambie ingekuwa heri wamwache bubu, maana mlisikia wanawe walikuwa wanampeleka wapi.

Tena sikuulizi nani abaki. Kumchagua mtu wa kubaki ni kazi tamu. Wamesimama mbele yako watatu, mmoja amebeba mtoto anayekoroma kifuani. Je, wewe ungewaambia wawili gani wakafungashe, na ungemwambia nani kwanza?