Uso Mpya wa Saa Kuukuu

Waliotuachia methali ya chema chajiuza, kibaya chajitembeza hawakuwa na saa za mkono, wala hawakuwa na haraka ya kuzihitaji. Lakini tabia za watu walizijua vizuri. Walijua kwamba kitu chema hukaa mahali pake kikanyamaza, na wanaokitaka wakakifuata wenyewe. Walijua pia kwamba kitu kibovu hakina budi kupigiwa debe, kupambwa na kubebwa mlango hadi mlango mpaka kimpate wa kumdanganya. Anayebisha na asikilize habari za Bi Sekunde na binamu yake Kipaza, kisha abishe akiweza.

Bi Sekunde alikuwa fundi saa. Jina hilo alibandikwa tangu usichana wake, kwa kuwa hakuweza kumvumilia mtu anayechelewa, seuze saa. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chini ya ngazi za jengo la maduka, kati ya fundi cherehani na duka la kutoa nakala. Ndani mlikuwa na meza yenye ukingo ulioinuliwa ili parafujo zisidondoke, taa ya shingo ndefu, na kabati la droo ndogondogo zilizojaa mishale, vioo na vifuniko. Yeye mwenyewe alikuwa mwembamba, mkali kama pilipili, na lenzi haikumtoka jichoni kutwa nzima.

Kazi aliyosifika kwayo ilikuwa ya kuzirembesha saa kuukuu za ufunguo. Watu walimletea saa ambazo unyevu umezila uso, tarakimu zimebanduka na rangi imefanya madoa kama ukuta wa bafu. Mashine ikiwa nzima, aliuvua uso ule uliokufa, akakata bamba jipya la shaba, akalipaka rangi na kulichora kwa brashi nyembamba kama ukope. Saa iliyoingia imenuna ilitoka inatabasamu, na Bi Sekunde hakuona haya kujisifu. "Mikono hii!" angesema akiitazama. "Ningekuwa mwizi, mngekoma!"

Ila alikuwa na masharti, na masharti yake hayakujua ndugu wala rafiki. Uso ulio hai, hata ukiwa umechujuka, hakuugusa. Aliwaambia wateja kwamba mtu mzima hachunwi ngozi ati kwa sababu ana makunyanzi. Uso aliouvua alimrudishia mwenye saa, hata ukiwa umeoza, maana cha mtu ni cha mtu. Jina la kiwanda hakuliandika kamwe. Alisema jina huandikwa na mwenye jina. Na chini ya tarakimu ya sita, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka, aliandika maneno mawili: uso mpya.

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyomnyima Kipaza usingizi. Kipaza alikuwa mtoto wa shangazi yake. Wote wawili walifundishwa kazi na baba yake Bi Sekunde, mzee asiyechoka kuwatajia methali ile ya chema na kibaya, lakini mmoja alichukua mikono na mwingine alichukua mdomo. Sauti yake ilifika kabla yake. Yeye ndiye aliyeziuza saa ambazo Bi Sekunde alizinunua zikiwa zimekufa na kuzifufua. Alizitundika ndani ya koti lake, akapanda na kushuka ngazi za maofisi, na alipolifungua koti ungedhani ni dirisha la duka.

"Dada, unajiharibia," alikuwa akilalamika. "Nani anunue saa inayojisemea kwamba imechezewa? Umewahi kuona kuku anajitia chumvi mwenyewe?"

"Na wewe umewahi kuona nani anajificha kama hajaiba?" alimjibu Bi Sekunde bila kuinua kichwa. "Kurembesha si dhambi. Kumwambia mtu hakuna aliyerembesha, hapo ndipo unapomla mwenzio."

Kipaza angecheka, angelifunga koti lake, na kwenda zake. Kumbe alikuwa na lake jambo.

Asubuhi moja aliingia karakana akihema, jasho likimtiririka. Akasogeza kigoda, akakaa, akasimama tena.

"Dada, leo usiniangushe. Ile saa yako ya uso wa rangi ya maziwa, nimemuuzia mzee mmoja, dereva wa treni mstaafu. Amenikamia! Anataka fundi amhakikishie kwamba haijaguswa tangu itoke kiwandani. Na fundi anayeaminika hapa ni nani kama si wewe? Basi anakuja. Wewe sema tu ni ya asili. Neno moja, yaishe."

Bi Sekunde aliitoa lenzi jichoni, jambo alilolifanya kwa nadra. "Na maneno yangu mawili?"

"Nimeyafuta."

"Umeyafuta!"

"Na jina la kiwanda nimemwandikisha mchora mihuri. Dada, sikiliza kwanza. Ukisema kweli mzee ananipeleka mbali. Mama atalia. Na mimi nikianguka, nani atakutembezea saa zako? Utakaa hapa chini ya ngazi na ukweli wako, mtazamane."

Maneno hayo yalimchoma kwa kuwa hayakuwa ya uongo. Bi Sekunde hakuwa na muuzaji mwingine, na shangazi yake ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Kabla hajapata la kusema, mlangoni palisikika kikohozi cha mtu mzima. Kipaza aliruka kama aliyekalia sindano, akapenya mlango wa pembeni, na kujificha nyuma ya pazia la fundi cherehani.

"Shikamoo, mzee," alisema Bi Sekunde.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi? Wanasema neno lako halina kona."

Dereva wa treni alikuwa mrefu, kainama kidogo, na alikaa kwenye kigoda kwa uangalifu wa mtu aliyeendesha vyombo vizito maisha yake yote. Alifungua leso, akaiweka saa mezani. Alieleza kwamba enzi zake kazini alivaa saa ya aina ile ile, ikaibwa siku aliyolazwa hospitali, na tangu hapo hakupata ya kumridhisha.

"Nimeonyeshwa nyingi, mwanangu. Zote zina rangi ya kitapeli. Lakini hii! Tazama tarakimu zilivyokaa. Tazama pale ukingoni rangi inavyokolea kidogo kidogo kama moshi. Watu waliokuwa wakichora hivi wameshakwisha. Mikono hiyo imeoza kaburini, na ujuzi wao umezikwa nao."

Bi Sekunde aliinama juu ya saa. Ule moshi wa ukingoni alikuwa ameupuliza mwenyewe, akiuharibu na kuurudia, mpaka jirani yake fundi cherehani akadhani ameanza kuongea peke yake. Tangu aanze kazi hakuwahi kusifiwa namna ile, na sifa zenyewe zilikuwa zikiwaendea marehemu! Kisha macho yake yakashuka kwenye jina la kiwanda ambalo mchora mihuri alilipachika. Herufi zilikuwa zimekaa kama meno ya bandia. Na chini ya sita palikuwa na mkwaruzo.

Akafikiri juu ya shangazi yake, na juu ya kodi ya chumba. Neno moja tu, na mzee angeondoka anacheka, Kipaza angetoka nyuma ya pazia anacheka, na saa ingeendelea kupiga bila kujali. Lakini je, siku ya pili atakapoambiwa na mtu mwingine kwamba neno lake halina kona, atamtazama vipi?

"Mzee," alisema, "mikono hiyo haijaoza. Ni hii hapa."

Aliinyoosha juu ya meza, ikiwa na rangi kwenye kucha. Mzee aliitazama kama asiyeelewa.

"Mashine ni ya zamani, ni ya kweli, na ni nzima. Uso nimeuchora mimi. Niliuandika kwamba ni mpya, maandishi yakafutwa, na jina hili likabandikwa na mtu asiyejua hata kulipanga. Aliyekuuzia ni binamu yangu. Kipaza! Toka nyuma ya hilo pazia kabla sijakufuata!"

Pazia lilitikisika. Fundi cherehani, ambaye hakuwa amekosa hata neno, alimsukuma Kipaza kwa mkono ulioshika mkasi. Dereva wa treni alisimama, na kwa mara ya kwanza ikaonekana urefu wake wote.

"Kwa hiyo kijana," alisema, "nilikupa akiba ya uzee wangu ukaichezea."

Kipaza alitia mkono ndani ya koti. Alirudisha fedha za mzee pale pale, ameinamisha kichwa. Mzee aliiacha saa mezani, akaondoka bila kuaga. Kipaza naye akaondoka kwa upande wake, akasema hatakanyaga tena chini ya ngazi hizo. Jioni shangazi alikuja kununa mlangoni, akasema damu ni nzito kuliko maji. Bi Sekunde alimjibu kwa heshima kwamba damu ikiwa nzito zaidi ya hapo, shangazi, itaziba mishipa. Lakini baada ya shangazi kuondoka alikaa akaogopa sana, maana saa zilikuwa zimejaa drooni na hakuna wa kuzipeleka kokote.

Siku zilipita bila mnunuzi mpaka akaanza kuhesabu wapitao. Kisha siku moja kile kikohozi kikasikika tena.

"Nimezunguka," alisema dereva wa treni akikaa bila kukaribishwa. "Nimeonyeshwa za asili za kweli, na nyuso zao nzuri. Lakini mwanangu, kila nikilala nauona ule uso wako. Nilikasirika kwa sababu nilidanganywa. Si kwa sababu saa ni mbaya. Bado unayo?"

"Ninayo."

"Basi nifutie hilo jina la uongo. Na yale maneno yako yarudishe yalipokuwa. Nataka mtu akiniuliza, nimwonyeshe kwa kidole."

Bi Sekunde alilikwangua jina mbele yake, akaufunika mkwaruzo, akachora upya maneno mawili chini ya sita, mkono ukiwa imara na machozi yakimlengalenga. Mzee aliivaa, akaifunga mkanda, akaitazama, akacheka.

Kuanzia hapo Bi Sekunde hakufanya lolote ila kazi. Mzee hakuwa mchuuzi, alikwenda tu kukaa na wastaafu wenzake. Mmoja aliuliza, akaonyeshwa kwa kidole. Naye akaja na saa ya marehemu kaka yake. Akaja mwanamke mwenye saa ya mumewe, akaambiwa uso huu ungali hai, mama, usiuguse, akavutiwa na fundi anayekataa kazi, akanunua nyingine ya kwake. Wakaja vijana, wakataka yale maneno mawili yawepo hata kwenye saa zao mpya za dukani, na Bi Sekunde akawafukuza huku akicheka. Kigoda hakikutosha, fundi cherehani akamwazima benchi lake.

Kipaza alirudi siku ya mvua, viatu vimeisha upande mmoja na koti limejaa saa za watu wengine ambazo hakuna aliyezitaka. Alisimama mlangoni akawatazama waliokuwa wakingoja.

"Dada," aliuliza kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, "unawatangazia wapi hawa?"

"Sitangazi," alisema Bi Sekunde, akiwa amenyoosha shingo kwa fahari bila aibu yoyote. "Vua hilo koti, nawa mikono, ukae ujifunze tena kuchora. Ngazi umezipanda vya kutosha. Baba alikwambia na hukusikia, sasa umeona kwa macho yako: chema chajiuza, kibaya chajitembeza."