Mwinyimvua na Mchi wa Bi Chausiku

Paukwa!

— Pakawa!

Ndiyo kuitikia huko? Hamjala? Paukwa!

— PAKAWA!

Haya. Zamani, bibi yenu sijaota hata jino moja, palikuwa na mwanamume akiitwa Mwinyimvua. Mtu wa kujiona huyo! Alitaka kumjua Mungu kuliko sisi wote. Lakini kila alfajiri akiketi kuomba, jirani yake, Bi Chausiku, anaanza kutwanga. Du! Du! Du!

"Chausiku!" akafoka. "Mchi wako unanitenga na Mungu!"

"Na ugali wa unga huu, baba, mbona haukutengi?"

Mwinyimvua akabeba mkeka na gunia la muhogo mkavu, akahamia pangoni, juu kilimani. Peke yake. Hakumuaga mtu.

— Bibi, hakuogopa?

Mjinga aogope nini? Tulia.

Siku saba zikapita. Akaliuliza jiwe la mlangoni, "Jiwe, umepata kuona mtakatifu kama mimi?"

Jiwe likasema, "Mimi nimekaa peke yangu tangu dunia iumbwe, na bado ni jiwe."

Akalipiga teke. Aliyeumia nani?

— Yeye!

Siku saba nyingine zikapita. Akamuuliza popo, "Popo, umepata kuona mtakatifu kama mimi?"

"Sijui," akasema popo. "Sisi tunalala mia nzima tumebanana, kila mmoja anausikia moyo wa mwenzake. Wewe wako unausikia mwenyewe. Tena unanuka."

Chekeni, chekeni. Alinuka kweli. Kuoga alishaacha, maana nani angemsema?

Siku saba nyingine zikapita, jipu likamwota. Wapi? Katikati ya mgongo, pale mkono hauendi. Jaribuni. Umefika?

— Haufiki!

Na wake haukufika. Akaupitisha juu, haukufika. Akaupitisha chini, haukufika. Jipu likawa kubwa kama limau, na homa ikampanda. Nungunungu akapita. Safari hii Mwinyimvua hakuuliza habari za utakatifu.

"Nungunungu, nitoboe kwa mwiba wako."

"Kutoboa naweza," akasema nungunungu. "Nani atakukamua? Nani atakuosha? Nani atakuambia pole?" Akaenda zake.

Mwinyimvua akalia. Aliogopa kufa, na zaidi aliogopa kufa bila mtu wa kumfumba macho. "Ee Mungu," akasema, "nijibu basi!"

Kulipokaribia kupambazuka akasikia, mbali, chini kabisa: Du! Du! Du!

Ukungu ulikuwa umefunika njia. Akatambaa akiufuata mchi. Ukinyamaza, anapotea. Ukilia, anaipata njia. Akatambaa hivyo hivyo mpaka akaanguka miguuni pa kinu.

"Ee! Mtakatifu kashuka!" akasema Bi Chausiku. "Geuka."

Akaleta maji ya moto na chumvi, akakamua. Mwinyimvua akapiga ukelele mpaka kuku wakaruka juu ya paa.

"Nyamaza, baba," akasema Bi Chausiku. "Leo mimi ndiye ninayesali."

Akamkamua, akamuosha, akamwambia pole. Pole moja tu, lakini bwana mkubwa alilia kuliko alivyolia kwa jipu.

Tangu siku ile, akimaliza kuomba, Mwinyimvua alishika mchi wa pili. Bi Chausiku du! Yeye du! Wanaume wa kijiji wakamcheka mpaka wakachoka, na ugali wakala.

— Bibi, kwani kule pangoni Mungu hakumjibu?

Alimjibu! Tena alianza kumjibu kabla hajahama, kila alfajiri. Lile jinga likaona ni kelele.

Basi nanyi, anayetaka kumtafuta Mungu amtafute, wala simkatazi. Lakini asinipandie kilimani kumkimbia jirani yake. Mgongo umewekwa nyuma ili mwenzako auone.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Sasa mmoja wenu aje anikune, hapa katikati, pasipofikika.