Bi Pimbi na Nauli ya Konzi Moja

Paukwa!

Pakawa!

Aka! Pakawa gani hiyo? Mmeshiba wali wangu, halafu mnaninong'onezea? Paukwaaa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nimewasikia. Sogeeni. Na nyie wakubwa mnaojifanya mnachambua mchele hapo pembeni, masikio yenu nayajua yako wapi. Sogeeni.

Zamani hizo, za kale hasa, wanyama walikuwa wanazaa, wanatembeleana, wanasutana, kama sisi tu. Alikuwepo Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo wa majabalini, mnene, mfupi, mkia hana. Huyu Bi Pimbi mdomo alikuwa nao. Na mkono wake sasa! Ukishika kitu, haufunguki. Ukienda kumwomba chumvi anakupa ya kulamba tu, tena anasimama anakuangalia unavyolamba. Hahaaa!

Siku hiyo kaanika karanga zake juu ya jiwe. Mara, prrrr! Ninga huyo, katua.

"Hodi, Bi Pimbi!"

"Karibu. Usinikanyagie karanga."

"Nimetumwa na kaka yako, kule ng'ambo ya mbuga. Wifi yako kajifungua. Mtoto wa kike!"

Bi Pimbi karuka, kapiga kigelegele. Lililililiii! Majabali yote yakaitika.

Sasa tulieni, hapa ndipo penyewe. Kwa pimbi, mtoto jina anapewa na shangazi. Anamshika, anamnong'oneza sikioni, basi, limekaa hilo. Halibanduki. Na jina linatolewa siku kitovu kinapodondoka. Siku hiyohiyo! Kitovu hakina miadi na mtu. Kikidondoka na shangazi hayupo, mtoto anashikwa na dada yake mama. Na dada yake mama alikuwa nani? Bi Perere! Yule pimbi wa kukaa mtini, wa maneno. Yeye na Bi Pimbi wakikutana kisimani, maji yanachemka yenyewe.

Na Bi Pimbi jina alikuwa nalo. Jina la marehemu mama yake, Mwanamize. Kaka yake kazaa madume matupu, dume juu ya dume, mpaka mkewe kawa mtu mzima. Huyu wa kike ndiye kitinda mimba. Akimkosa huyu, Mwanamize haitwi tena na mtu duniani.

"Wahi," Ninga kasema. "Kitovu kimeshaanza kukauka." Prrrr! Kaondoka.

Bi Pimbi kajaza kikapu karanga, pomoni. Kwa mzazi huendi mikono mitupu, si ndiyo? Mzazi apikiwe uji, maziwa yatoke. Kajitwika, huyo, mpaka njia panda. Pale njia panda ndipo wanapongoja wabeba abiria. Kamkuta Mbuni, kamkuta Punda Milia, na chini ya kichaka yuko Kobe, anatafuna jani.

Mbuni kanyoosha shingo, huko juu. "Shangazi, mimi jua halijafika utosini nimeshakutua. Nusu kikapu."

"Nusu kikapu? Unanipeleka au unanioa?"

Punda Milia kapiga kwato. "Mama, mimi kibaba kimoja tu. Jua likizama, uko jikoni kwa wifi yako, unakoroga uji."

"Kibaba kizima?"

"Kizima, mama. Mbuga ndefu hii."

Bi Pimbi kashika kiuno. Kamgeukia Kobe. "Na wewe?"

Kobe katafuna. Kameza. "Konzi ya karanga."

"Konzi ya mkono wako au wangu?"

"Wako."

"Na tunafika?"

"Sijawahi kuondoka nisifike."

Haya, watoto, hapo alitakiwa aulize swali gani? Semeni!

Lini!

Ehee! Hata wewe Mwajabu, meno ya mbele huna, umejua! Bi Pimbi hakuuliza. Kafinya konzi yake kadogooo, kampa Kobe, kapanda. Anacheka peke yake. "Punda anataka kibaba! Kaniona mjinga!"

Wakaondoka. Kwata... kwata... hiii. Kwata... kwata... hiii. Hiyo hiii ni Kobe anapumua.

Njiwa kapita juu, kivuli kimepita chini. Kobe, fyup! Kichwa ndani.

"Kobe! Kivuli tu hicho! Toka!"

Bi Pimbi kagonga gamba, ko, ko, ko. Unangoja, unangoja, kichwa hichooo, kinatoka polepole. Kwata... kwata... hiii.

Njaa ikamshika. Bi Pimbi katoa karanga, kamenya, pwa! Lakini mnajua adabu. Huwezi kula mbele ya mtu usimkaribishe. Basi kasema, kwa ulimi tu, "Karibu, Kobe." Na sote tunajua mtu akikwambia karibu unajibu nini. Unasema, "Ahsante, nimeshiba," hata kama utumbo unalia. Kobe alijibu nini?

"Ahsante. Nakuja."

Kageuza shingo, kafungua mdomo. Weee! Kobe kutembea hajui, lakini kula! Karanga za Bi Pimbi zinaingia mle kama zinaingia ghalani.

Jua likazama. Wako wapi? Ukigeuka nyuma, kichaka cha njia panda unakiona! Wakaomba kulala kwa Ngiri. Ngiri ana watoto, na wewe mgeni unalala kwa watu na kikapu kimefunikwa? Utasemwa mbuga nzima. Bi Pimbi kafunua. Watoto wa Ngiri, ngwe ngwe ngwe! Asubuhi kikapu kimepungua, na Kobe haamki mpaka jua limpashe gamba. Adhuhuri ndiyo anaanza. Kwata... kwata... hiii.

Mara nyuma, puku-puku-puku-puku! Punda Milia huyo, mgongoni kampakia Nguchiro.

"Bi Pimbi! Bado mko hapa? Huyu namshusha hapo mbele tu. Panda na wewe, nikupeleke leo. Kibaba kilekile."

Bi Pimbi kafikiri. Katazama mbele, kamtazama Kobe. "Nikipanda kwako, konzi yangu ya Kobe inakuwaje?"

"Imeshaliwa hiyo, mama!"

"Ndiyo maana siiachi!"

Mmemsikia? Konzi iko tumboni mwa mtu, yeye ndiyo anailinda! Hahaaa! Punda Milia kacheka mpaka milia imetaka kumdondoka. Puku-puku-puku, kapotea.

Wakalala kwa Nungunungu, kikapu kikafunuliwa. Mvua ikanyesha, Kobe fyup, wakangoja, Bi Pimbi akala. "Karibu, Kobe." "Nakuja." Wakalala kwa Kanga, na Kanga ana ukoo, nyie, si mchezo. Kikapu kikafunuliwa.

Siku hiyo Bi Pimbi anatazama mbele, jabali la kaka yake analiona dogo kama kidole. Kitovu kile! Puku-puku-puku, Punda Milia anapita tena.

"Baba! Mwanangu! Simama! Nichukue, nakupa kibaba chako!"

Punda Milia kasimama, kakinga kibaba. Bi Pimbi kamimina. Kakung'uta. Kakwangua na pembe za kikapu. Kibaba hakikujaa hata nusu.

"Mama," Punda Milia kasema, "ningekuchukua, lakini na mimi nina watoto." Kamrudishia karanga zake, kaenda, na hizo nazo Bi Pimbi na Kobe wakazimaliza njiani.

Kwata... kwata... hiii.

Walipofika, vigelegele vinasikika huko ndani. Bi Pimbi karuka kutoka mgongoni, kakimbia, kaingia bila hodi. Nani kampakata mtoto? Bi Perere! Kakaa kwenye kigoda, kajitanda, meno yote nje.

"Karibu, wifi! Tumekungoja, tumekungoja! Kitovu kimedondoka leo asubuhi."

"Jina?" Bi Pimbi kamsogelea. "Umempa jina?"

"Nimempa. Kila tukiuliza shangazi yuko wapi, tunaambiwa hajafika. Tukiuliza tena, hajafika. Nikaona si baya hilo. Hajafika. Ndilo jina lake."

Nyumba nzima kicheko! Wifi, mzazi wa watu, kavuta kikapu ili apate cha kupikiwa. Kafunua. Maganda, cheke-cheke-cheke. Kafunika polepole. Na hilo, wanangu, linauma kuliko kicheko cha Bi Perere.

Bi Pimbi kamchukua mtoto. Kainamia sikio dogo lile. "Mwanamize," kasema. Mtoto kalala. "Mwanamize, mama yangu." Mtoto kalala tu. Mama yake akaita kutoka kitandani, "Hajafika!" Mtoto kafumbua macho, mawili yote, anamtafuta aliyemwita.

Hapo mlangoni, hiii, Kobe kaingiza kichwa.

"Bi Pimbi. Kurudi je? Nitakufanyia konzi ileile."

Bi Pimbi kafunua kikapu, kachungulia. Hata konzi haimo.

Basi, nasema wazi, na wewe Kombo uliyefunga macho usikie. Mbuni alikuwa ghali, hata mimi ningemkataa. Lakini Punda Milia alikuwa na ubaya gani? Ukienda safari usiulize nauli peke yake. Uliza utafika lini. Uliza utakula nini njiani, na utakula na nani. Halafu ujumlishe vyote, ndiyo ujue rahisi ni kipi. Nauli ya konzi ilimla Bi Pimbi kikapu kizima, ikamla na jina la mama yake.

Ngano yangu imefika, imetua mzigo, imekaa. Anayetaka ndefu zaidi, akapande Kobe!