Mrefu wa Kocha Siwatu

Hapo Tanga alikuwapo kocha mmoja, Siwatu, ambaye timu yake ya mpira wa kikapu ilikuwa ikiburuza mkia kwenye ligi ya kulipwa. Asubuhi moja aliingia uwanjani Bwana Hemedi, tajiri wa mabati na mwenye timu iliyoongoza ligi, tumbo likimtangulia.

"Kocha, nimekuja tubadilishane wachezaji," alisema. Mara akalikodolea macho jitu moja lililokuwa limeshika ringi bila hata kuruka. "Namtaka yule."

Siwatu alijishika kichwa. "Mkumbo? Bosi, chukua mwingine yeyote! Bila yule hapa hapachezwi mechi."

"Ndiyo maana namtaka. Nakupa Chiduo, mfungaji wangu bora."

"Basi hata mazoezini humtazami kwanza?"

"Usinifundishe kazi, mama. Kimo kile hakijaribiwi."

Siwatu akaangua kilio.

"Haya, na Mhina juu yake!" alifoka tajiri.

Kocha akasaini huku akipiga kwikwi.

Siku ya pili simu yake ikaita. "Tapeli wee! Jitu lako nimelirushia mpira, limeukumbatia kama tikiti maji! Halijui kucheza!"

"Kwani nani alikuambia anacheza?" alijibu Siwatu. "Yule ndiye hutufungia nyavu na kubadilisha taa. Tena Jumamosi mnakuja kucheza kwetu, basi mje naye mapema afunge wavu mpya. Wa zamani Chiduo na Mhina wameshauchana mazoezini."