Godoro Kwenye Uzio wa Mbele

Kulikuwa na baba mmoja, ndugu zangu, mwenye binti wa miaka saba aliyekuwa akikojoa kitandani. Baba akatafuta dawa, na kutafuta dawa si kosa. Lakini aliiulizia wapi? Kijiweni, kwenye kahawa. Kila mwenye kikombe akatoa yake: asali kabla ya kulala, zabibu kavu, mdalasini, na asiguse maji baada ya alasiri. Mtoto akalishwa vyote. Jioni wenzake wakinywa maji, yeye anawatazama tu, midomo imemkauka. Na bado akakojoa.

Ndipo mmoja kijiweni akasema, "Huyo hajaona aibu. Godoro lianike mbele." Na baba, mtu mzima mwenye akili zake, akalitundika godoro kwenye uzio wa barabarani, wanapopita watoto wa madrasa. Wiki haikuisha, binti akagoma kwenda kusoma. Mnashangaa? Ninyi mngekwenda?

Siku moja bibi yake, mama mzazi wa huyo baba, akaja kuwatembelea. Alipoliona godoro hakusubiri hata kukaribishwa. Akaanza kulishusha.

"Mama, liache," baba akasema. "Tumempa kila dawa. Sasa lazima aone aibu ndiyo apone."

"Wewe ulikojoa mpaka darasa la tano."

Baba akageuka haraka kutazama barabarani. "Mama, punguza sauti. Watu wanapita."

"Kwa mwanao hawapiti?" bibi akamuuliza. "Godoro lako nililianika nyuma ya banda la mbuzi mpaka ulipoacha mwenyewe. Marehemu baba yako amezikwa hajui."

Ndugu zangu, mimi sina ugomvi na asali. Mpeni. Mpelekeni kwa daktari pia, na maji mpeni anywe, ni kiumbe huyo. Ninachokasirikia ni sisi. Mtoto amelala, hana habari, mwili wake umemponyoka, nasi tunamhukumu kama mwizi. Yetu sisi, tuliyoyafanya tukiwa macho, kwa makusudi, Mwenyezi Mungu ameyafunika, ndiyo maana tumekaa hapa na kanzu safi tunapeana mikono.

Kila siku tunanyanyua mikono, "Ya Rabi, tusitiri." Kisha tunatoka mlangoni hapo kwenda kumwaibisha mtoto wa miaka saba. Kesho tutaomba tena kwa mdomo upi?