Andiko la Mkwe wa Mkurugenzi

Mkurugenzi Kiwelu alimwita Bi Nyamizi, katibu wa kamati ya kuchagua tafiti za kugharimiwa na serikali. "Andiko la mkwe wangu kuhusu mbu lipite," alimwambia, "la sivyo katafute kazi kwingine."

Nyamizi, ambaye alikwishamsikia mkwe huyo akibabaika kusoma kichwa cha andiko lake mwenyewe, aliinama kwa adabu. "Litapita, mzee. Naomba tu kuuliza: siku akija kulitetea, polisi tuwaweke ndani ya ukumbi au mlangoni?"

Kiwelu alitoa macho. Akalinyakua andiko lililokuwa mezani, akalichana vipande vipande. "Nilimwambia asinakili kazi za watu! Nani kagundua?"

"Hakuna, mzee," alijibu Nyamizi, akiokota vipande. "Siku hiyo mgeni wetu ni waziri, na msafara wake huja na polisi."