Ramani ya Rangi ya Tope

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa bwawa moja na koo nyingi.
Koo za nani?
Za wote, isipokuwa Kiboko!

Haya, sogeeni, msisukumane.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Bwawa lilibaki moja, na ndani yake alilala Kiboko. Ukienda kunywa, anapiga mwayo, aaaah! Meno hayo! Unarudi na kiu yako.

Wanyama wakaona wakipigana naye watakwisha. Wakamwomba wacheze mchezo wa himaya kwenye kompyuta. Akishinda, bwawa lake. Akishindwa, atoke, wote wanywe mpaka mvua inyeshe. Kiboko akacheka, ho ho ho, akaapa mbele yao.

Mama Pimbi akapewa kazi ya kupaka rangi ramani, maana vidole vyake ni vyepesi. Ilikuwa na majimbo arobaini, na kila jimbo humpa mwenyewe askari mmoja. Lakini kompyuta haioni mipaka. Inaona rangi tu. Rangi moja, jimbo moja. Ukitaka majimbo mawili ya kijani, kijani cha pili sharti kikolee au kipauke, hata kidogo tu. Hayo yalielezwa mkutanini. Wote walisikia, ila Kiboko. Yeye alikuwa anakoroma, khoroo, khoroo.

Asubuhi ya mchezo, Mama Pimbi alikuwa ukingoni na kompyuta, anamalizia ramani. Mwanawe Mashavu, midomo imepasuka kwa kiu, akanyata alambe maji. Pwaa! Kiboko akaibuka chini yake. Mtoto akajikuta juu ya mgongo, katikati ya bwawa. Na kuogelea hajui.

"Mama Mashavu," Kiboko akasema, "nipe ramani yote. Ukichelewa, nazama."

"Mzee Kiboko, wenzako watasema nini?"

"Nazama." Chubwi! Maji yakafika kwenye vifundo vya mtoto.

"Mama!"

"Tulia, mwanangu. Mama anapaka."

Pale mgongoni alikuwepo Yangeyange, yule ndege mweupe. Alisogea polepole, akanyoosha mguu wake mwembamba, mtoto akaushika.

Mama Pimbi akapaka. Jimbo la kwanza, rangi ya tope. La pili, tope lililokolea. La tatu, tope lililopauka. Ndivyo mkono wake ulivyozoea.

Kiboko akakodoa macho. "We pimbi! Mbona rangi hizi hazifanani? Unanificha nini?"

Mama Pimbi akasema taratibu, "Mzee, una macho makali. Nilidhani hutaona."

"Nataka tope moja! Pote pawe sawa, kama mgongo wangu!"

"Pote, mzee?"

"Nazama!" Chubwi! Maji yakafika magotini.

Mama Pimbi akachagua tope moja, akaanza kumwaga rangi. Chwaa! Jimbo. Chwaa! Jimbo.

"Mzee, sisi watano, Swala, Ngiri, Nguchiro, Nungunungu na mimi, tukikosa hata kipande hatutaweza kucheza. Sasa utamshinda nani?"

Kiboko akafikiri. Kushinda bila mtu wa kumcheka si raha. "Waachie kajimbo kamoja kamoja. Kadogo!"

Chwaa, chwaa, chwaa, mpaka thelathini na tano.

"Tayari, mzee. Njoo uangalie kama kuna doa."

Kiboko akaja ukingoni, akabandika pua kwenye kioo. Yangeyange akamsukuma mtoto kwa bawa. Hop! Mashavu akaangukia kifuani kwa mama yake.

"Hakuna doa," Kiboko akasema. "Safi kabisa."

Wanyama walipofika, wakaona ramani imejaa tope. Swala akataka kulia. Mama Pimbi akamkanyaga mguu. "Kaza moyo, dada. Tuanze."

Kompyuta ikalia, ti! "Swala, askari mmoja." Ti! "Ngiri, askari mmoja." Ikaita watano wote. Ti! "Kiboko, askari mmoja."

"Mmoja? Nina majimbo thelathini na tano!"

"Rangi moja, jimbo moja!" wakamjibu.

Askari wake akakimbilia kaskazini, Nguchiro akaingia kusini. Akakimbilia kusini, Ngiri akaingia mashariki. Akageukia mashariki, kwisha! Jimbo lake moja limetekwa lote.

"Umenihadaa, we pimbi!"

"Mimi, mzee? Rangi tatu nilikupakia, ukazikataa mwenyewe."

Kiboko alikuwa ameapa, na Nungunungu alishasimamisha miiba. Akatoka, tii, tii, tii, akakaa kwenye mchanga.

Mashavu akanywa, gudu gudu gudu, mpaka tumbo likawa ngoma. Yangeyange akasimama pembeni akimlinda. Mtoto aliposhiba, ndipo naye akainamisha shingo.

Ngano yangu imekauka. Ikiwa tamu, mpelekeeni jirani. Ikiwa chungu, niachieni nipikie mchicha.

Na fundisho lake, wanangu: mkubwa akikuagiza, usimbishie. Fanya alivyosema, neno kwa neno.

Hata akikosea, mama?

Hasa akikosea.